Dola 300 na Tundu la Inchi Moja

Katikati ya mwaka 1835, daktari James Norcom wa mji mdogo wa Edenton, jimbo la North Carolina, alilipia tangazo katika gazeti moja la Norfolk, Virginia. Alikuwa akimtafuta mtumishi wake wa kike aliyetoroka: anaitwa Harriet, umri miaka 21, urefu futi 5 na inchi 4, mwili mnene, nywele nyeusi nzito zinazojikunja zenyewe. Ni msemaji mzuri, ana haiba ya kupendeza, ni fundi wa kushona, amezoea kuvaa vizuri, na popote atakapoonekana huenda akawa amejikwatua kwa mavazi ya kisasa. Ametoroka, kasema daktari, bila sababu yoyote inayojulikana. Zawadi: dola 100.

Mwaka 1861 Harriet Jacobs alichapisha kitabu chake, Incidents in the Life of a Slave Girl, na katika sura ya 17 akalirudisha tangazo hilo. Yaweke mawili hayo sambamba. Urefu ni uleule, futi 5 na inchi 4. Umri ni uleule. Unene umetoka. Majigambo ya nguo yametoka. Ile kauli ya kutoroka bila sababu imetoka. Pameingia jino la mbele lenye doa la kuoza, na pameingia sentensi ambayo Norcom hakuiandika: anajua kusoma na kuandika. Na zawadi imepanda. Akikamatwa ndani ya jimbo ni dola 150. Nje ya jimbo, dola 300.

Usiniambie ni kumbukumbu iliyochakaa. Mtu anayekumbuka urefu wake hadi inchi hasahau kwamba aliitwa mnene mbele ya watu.

Shuleni tulifundishwa kupasua kitabu mapande mawili kama samaki wa kubanika, fani upande huu na maudhui upande ule, na mtihani nao ukaja hivyohivyo. Kwa Jacobs kisu hicho hakipiti. Ukitafuta upinzani wake katika maudhui utaupata haraka: alimkatalia bwana, alijificha, alitoroka. Lakini hayo yalikuwa yameisha mwaka 1842. Kitabu ni pigano jingine, lililofanywa na mwanamke wa makamo aliyekaa kitako na kalamu, na silaha zake ni zile ambazo mwalimu wetu angeziandika chini ya fani: nani anasema, anamwambia nani, anaanzia wapi, ananyamaza wapi, hati ya nani inanukuliwa na inageuzwa vipi. Hilo tangazo alilolihariri ndilo mlango wa kuingilia.

Kwanza majina, maana ndani ya kitabu karibu hakuna anayeitwa kwa jina lake. Norcom amekuwa Flint, yaani lile jiwe gumu la kuwashia moto. Mzungu aliyezaa naye watoto wawili, Samuel Tredwell Sawyer, mwanasheria aliyekuja kuwa mbunge, amekuwa Sands, mchanga, na msomaji atajua mapema kwamba juu ya mchanga hapajengwi. Bibi yake mzaa mama, Molly Horniblow, ni Aunt Martha, na hapa mfasiri wa Kiswahili ajihadhari: huyo si shangazi wala mama mdogo wa mtu. Wazungu wa Kusini waliwaita hivyo wanawake weusi wazee ili wasilazimike kuwaita kwa jina la heshima. Kwa upande mwingine, Uncle Phillip, yule fundi seremala, ni mtoto wa kiume wa bibi, basi kwetu ni mjomba, na kila anachokifanya kitabuni ni cha mjomba hasa. Lugha yetu inaona wazi jambo ambalo Kiingereza kinalifunika.

Na mwenyewe amejiita Linda. Jina hilo halina undugu wowote na kitenzi chetu. Ni jina la kike la kawaida huko kwao. Lakini jaribu kukisoma kitabu hiki kwa macho ya Kiswahili bila kukisikia kitenzi hicho kila Flint anapoita. Anaita kwa hasira, naye anatoa amri asiyoikusudia.

Sasa turudi kwenye dola 300. Katika sura ya kwanza kabisa bibi, akiwa bado mtumwa, anaoka mikate na biskuti usiku baada ya kazi za nyumbani, kwa ruhusa ya bibi mwenye nyumba, ili siku moja awanunue watoto wake. Anafikisha akiba ya dola 300. Yule bibi mwenye nyumba anamwomba amkopeshe. Anamkopesha. Mtumwa hana haki ya kudai kitu mahakamani, maana mali yenyewe haiwezi kumiliki mali, na mkopaji anapokufa deni linakufa naye. Jacobs anakumbusha, kama kwa bahati tu, kwamba kinara cha mishumaa cha fedha kilichonunuliwa kwa pesa zile kilibaki kwa akina Flint, na anadhani kitarithiwa kizazi hadi kizazi. Hapigi kelele. Anakiacha kinara kikiwaka mezani kwao.

Sura ya 17, zawadi ya kumkamata mjukuu: dola 300. Sura ya 41, ambayo ni ya mwisho, mwajiri wake wa New York anamnunua ili aache kuwindwa, na bei ni dola 300. Hii ya mwisho ni kweli ya historia. Ni malipo aliyoyafanya Cornelia Willis mwaka 1852 kwa mume wa yule binti wa Norcom ambaye Harriet alirithishwa kwake akiwa bado mtoto mdogo. Ya kwanza ameisimulia kama alivyoipokea kwa bibi. Ya katikati ndiyo tuliyoikuta na dola 100 gazetini. Siwezi kuapa kwamba aliibadilisha makusudi. Ninachosema ni kwamba alivyoiacha, hesabu imefunga: pesa iliyoibwa jikoni kwa mwanamke mweusi imekwenda kuwa bei ya damu yake, ikarudi kuwa bei ya uhuru wa mjukuu wake, na katika mizunguko yote mitatu haijawahi kulipwa kwa mwenyewe aliyekesha akikanda unga.

Kuna hati nyingine za mauzo humo. Bibi alikuwa ameahidiwa uhuru. Flint akataka kumuuza kimyakimya, naye akakataa mambo ya kimyakimya, akapanda mwenyewe kwenye jiwe la mnada mchana kweupe, mbele ya mji mzima uliomfahamu. Hakuna aliyetoa bei, ila bikizee mmoja aliyetaja dola 50, akamnunua na kumpa uhuru. Bikizee huyo hakujua kusoma wala kuandika. Kwenye hati aliweka alama ya msalaba. Jacobs ametaja msalaba huo katika sentensi moja na kuendelea na safari. Lakini kitabu chenyewe kina maneno kwenye jalada lake la ndani yanayosema kimeandikwa na yeye mwenyewe. Msomaji na apige hesabu yake.

Sura ya 10 ndiyo inayowagawa wasomaji, na msomaji wa pwani yetu anaweza kuikosea kwa njia yake mwenyewe. Linda yuko katika mwaka wake wa 15 Flint anapoanza kumnong'oneza machafu. Anapanga kumjengea kijumba cha pekee nje ya mji. Binti, akijua hana mlango wa kutokea, anajitoa kwa Sands, mzungu asiye na mke, na kupata mimba. Kwetu wa kwanza kulielewa hilo atasema: suria. Sivyo kabisa. Kwa desturi na sheria ya pwani, mtoto wa suria aliyetambuliwa na bwana alizaliwa huru, mama yake hakuuzwa tena, na bwana akifa mama alikuwa huru. Majid na Barghash, masultani wa Unguja, walizaliwa na masuria, na hakuna aliyewaambia kwamba hawafai kiti. Si kwamba hiyo ilikuwa pepo: amri ya kufuta utumwa Unguja ya mwaka 1897 iliwaacha masuria nje ya mlango hadi 1909, kana kwamba kifungo chao kilikuwa ndoa. Lakini North Carolina mtoto alifuata hali ya mama, nukta. Baba angekuwa daktari, mbunge au rais, mtoto ni mtumwa wa yule anayemmiliki mama. Kijumba cha Flint kilikuwa kiwanda. Linda anamchagua Sands kwa hesabu: asiyemmiliki hawezi kumlazimisha, na huenda akawanunua watoto.

Tazama jinsi anavyoisimulia. Hadi hapo simulizi imekwenda kwa mwendo wa kawaida, tukio likizaa tukio. Akifika kwenye tendo lenyewe anageuka, anamwacha Flint na Sands na kumkabili msomaji: ninyi wanawake ambao nyumba zenu zinalindwa na sheria. Anakiri aibu. Anaomba ahurumiwe. Kisha, katikati ya kuomba huko, anaweka hoja kwa sauti ya mtu asiyeomba tena: mwanamke mtumwa hapaswi kupimwa kwa kipimo kilekile wanachopimiwa wengine. Kuhusu yaliyotokea kati yake na Sands hatupewi hata chumba. Hatujui palikuwa wapi, usiku au mchana. Wengine wameona hapo haya za karne ya 19. Mimi naona mtu ambaye mwili wake ulielezwa gazetini kwa inchi, na sasa kalamu ikiwa mkononi mwake hatupi hata unywele mmoja. Alichotupa ni kilichofuata: bibi anamvua vidoleni pete ya ndoa ya marehemu mama yake na kastabini ya fedha, na kumfukuza. Kastabini. Ukitaka kujua uzito wa fedheha katika nyumba ya wanawake wanaoshona, hicho ndicho kipimo chake, kinakaa kwenye ncha ya kidole.

Sasa dari. Kibanda cha stoo kilichoungana na nyumba ya bibi kilikuwa na nafasi kati ya dari na paa, futi 9 kwa 7, na penye kimo kikubwa futi 3, halafu paa linashuka ghafla. Nimepima kwa futi kamba sebuleni kwetu: mita 2.7 kwa 2.1, na kimo cha sentimita 90, kinachozidi meza yetu ya kulia kwa kiganja hivi. Nikaingia chini ya meza nikalala. Ukijigeuza, bega linagonga. Nilitoka baada ya dakika chache kwa sababu niliitwa kwenye chai. Jacobs alikaa karibu miaka saba, gizani, na panya wakimpita kitandani, utomvu ukimdondokea kiangazi kutoka kwenye mbao za paa zilizopata moto, na baridi ikimgandisha miguu wakati wa majira yake. Mjomba alikuwa amemtengenezea kifuniko cha kuinua kutoka stoo, na kwa bahati akasahau keekee yake imechomekwa kwenye mbao. Linda akaigonga kwa kichwa. Akatoboa safu tatu za matundu, kisha akayaunganisha hadi akapata uwazi wa inchi moja kwa inchi moja. Mtu wa kwanza ambaye Linda alimwona kupitia hapo alikuwa Flint. Baadaye wakapita watoto wake.

Sura ya dari hiyo ameipa jina lililotoka kwa mshairi Mwingereza William Cowper, ambaye katika utenzi wake The Task wa mwaka 1785 anasifu raha ya kuchungulia dunia kupitia mwanya ukiwa umetulia nyumbani, mbali na vurugu. Cowper alikuwa ameketi kwenye kiti cha starehe. Jacobs amelichukua tundu la bwana huyo na kulipandisha darini, na neno lenyewe la Kiingereza, loophole, lina maana nyingine: mwanya wa sheria, na lile tundu jembamba la ukuta wa ngome ambalo mlinzi aliye ndani analengea walio nje, kama yale ya Fort Jesus. Kumwona asiyekuona ni kazi ya askari.

Lakini ninachotaka msomaji akitazame ni mwendo wa sentensi. Masimulizi ya watumwa wanaume wa wakati ule yalikuwa na mwendo wa miguu. Frederick Douglass, mwaka 1845, anapigana na Covey, mzungu aliyesifika kwa kuwavunja watumwa, mkono kwa mkono, anashinda, na kuanzia hapo kitabu kinakwenda mbele na kaskazini. Cha Jacobs kinapofika mahali pa kukimbia, kinalala chali. Vitenzi vinavyobaki ni kuona na kusikia. Mji mzima unapita kwenye inchi moja: watu wanazungumza chini ya ukuta bila kujua wanasikika, na siku moja anapita mwanamke akikimbia, wanaume wawili nyuma yake. Alikuwa akinyonyesha watoto wa mwanamke aliyemmiliki. Kwa kosa dogo aliamriwa avuliwe achapwe. Alikwenda kujitupa mtoni. Mistari michache tu. Kifo chenyewe Jacobs anakitaja bila kukionyesha, kwa sababu kupitia tundu mtu hafuati yeyote hadi mtoni. Ukomo wa macho yake ndio umbo la aya. Sijui mwandishi mwingine wa zama zake aliyeigeuza dhiki ya mwili kuwa kanuni ya kusimulia kwa ukamilifu huo.

Kabla ya dari palikuwa na maficho mengine, na mojawapo ni chini ya ubao wa sakafu ya jiko, katika nyumba ya mwanamke wa kizungu aliyemhurumia. Mpishi wa nyumba hiyo, Betty, alikuwa akitembea juu yake akipika na kuzungumza peke yake kwa sauti: nani kapita leo, nani katafuta wapi na kakosa. Kwa mtu wa jikoni alikuwa mama mwenye mdomo. Kwa aliye chini ya ubao ilikuwa taarifa ya habari. Kwetu tunalijua vizuri jambo hili, mwanamke anayesema na sufuria huku jirani akisikia. Tuna jina lake, kupiga fumbo, na tuna vitambaa vinavyobeba kazi hiyo. Betty anapewa Kiingereza cha watu weusi wa Kusini, Linda akiandika Kiingereza cha vitabu, na wapo wanaoliona pengo hilo kama kujitenga na wenzake. Mimi nasema Jacobs amejifunza ufundi kwa Betty. Kitabu kizima kinasema kwa sauti na mtu mmoja huku kikikusudiwa mwingine aliye chini ya ubao.

Sura ya 25 ndiyo kilele cha ufundi, na inashangaza kwamba husomwa kama kichekesho. Linda, akiwa juu ya kichwa cha mji, anaandika barua mbili, ya Flint na ya bibi, na kuzipa tarehe ya mbele na anwani ya New York. Jina la mtaa amelitoa katika kipande cha gazeti la New York Herald alicholetewa na rafiki. Baharia anazipeleka kutiwa posta huko. Flint anapokea. Anakuja mbio kwa bibi, ameshika karatasi, anakaa kwenye kiti ambacho kimewekwa makusudi karibu na mlango ulioachwa wazi, na Linda ametambaa kusikiliza. Flint anasoma. Anachosoma si barua ya Linda! Ameandika ya kwake, na ndani yake Linda anajuta, anaona haya kwa namna alivyoondoka, anatamani nyumbani, anaomba mjomba aje kumchukua.

Hebu tusimame. Barua ya uongo iliyoandikwa na mtumwa imebadilishwa na barua ya uongo iliyoandikwa na bwana, na inasomwa mbele ya bibi anayejua ukweli, huku mwenye barua akisikiliza upande wa pili wa ukuta. Na Flint, anapomtungia Linda sauti, kitu cha kwanza anachompa ni majuto. Ndivyo wenye watumwa walivyowaandika watumwa, na Linda amelipata fundisho hilo kwa masikio yake: akiruhusu mwingine amsemee, atasema haya. Flint alikwenda New York kumtafuta zaidi ya mara moja, akilipa nauli. Barua ilikuwa imeandikwa hatua chache kutoka alipokaa kuisoma.

Fundisho hilo lilimfaa baadaye. Alipokuwa New York, yaya katika nyumba ya mwandishi maarufu Nathaniel Parker Willis, mume wa Cornelia, rafiki yake Amy Post alimhimiza asimulie maisha yake. Wakamwandikia Harriet Beecher Stowe, ambaye riwaya yake ilikuwa imetikisa nchi, kuomba msaada. Stowe akaipeleka habari ile kwa Bi. Willis kuuliza kama ni kweli, akifichua siri za watoto ambazo Jacobs hakuwa amemwambia mwajiri wake, na akataka kuitumia hadithi katika kitabu chake mwenyewe. Jacobs alikataa. Aliandika mwenyewe, usiku, watoto wa wenyewe wakiwa wamelala, bila kumwambia Bwana Willis ambaye hakumwamini katika suala la utumwa. Ilimchukua miaka.

Mhariri aliyempata, Lydia Maria Child, alikuwa mtu wa haki, lakini mkono wake unaonekana, na mahali pengine natamani usingeonekana. Ni yeye aliyekusanya visa vya ukatili wa majirani na kuvirundika katika sura ya 9, ili msomaji mwenye roho nyepesi aweze kuruka. Matokeo yake sura hiyo ni ghala. Vilipokuwa vimetawanyika, msomaji hakuwa na pa kukimbilia. Ni yeye pia aliyeshauri sura ya mwisho kuhusu John Brown, aliyenyongwa 1859 kwa kujaribu kuwasha uasi wa watumwa, iondolewe, na kitabu kimalizikie kwa bibi. Kwa hiyo kinaisha kwa kumbukumbu laini ya kikongwe mpendwa, pale kilipokuwa kimepangwa kuisha kwa bunduki. Hata hivyo ukurasa mmoja kabla, Jacobs amemwambia msomaji kwa kejeli kavu kwamba hadithi hii haiishii kwenye ndoa kama zilivyo nyingine bali kwenye uhuru, na kwamba bado hana nyumba yake mwenyewe. Pia utangulizi wake ndio uliotangulia, wa Child ukafuata, jambo ambalo si dogo: Douglass mwenyewe alitanguliwa na wazungu wawili waliomthibitisha.

Wachapishaji wakafilisika. Jacobs akanunua mabamba ya chapa na kitabu kikatoka Boston kwa gharama yake. Boston haiko mbali na Salem, bandari ambayo meli zake kwa miongo kadhaa zilileta Unguja ile nguo nyeupe nzito tuliyoipa jina la nchi yake, merikani, pamba ya mashamba ya watumwa wa Kusini iliyofumwa Kaskazini, nayo ikapanda bara na misafara na kurudi kwa namna ya pembe na watu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, merikani ikaadimika Unguja. Bibi zetu waliovishwa nguo hiyo katika misafara hawakumjua Harriet Jacobs, lakini walivaa jasho la watu wa kwao.

Kisha kitabu kikasahauliwa, na kilipokumbukwa, hakikuaminiwa. Mwaka 1972 mwanahistoria John Blassingame, mtu aliyewatendea watumwa haki katika mengi, alikiweka kando kwa kuona kina msisimko wa riwaya mno. Ilimchukua Jean Fagan Yellin hadi 1981, kwa kutumia barua za Jacobs kwa Amy Post zilizohifadhiwa Rochester, kuonyesha kwamba karibu kila mtu na kila nyumba vilikuwapo. Msisimko uliomtia shaka Blassingame ulikuwa vazi lililochaguliwa. Wanawake wa Kaskazini waliosoma riwaya za mabinti wanyonge na mabwana wabaya walipewa kitabu kinachoanza kama riwaya hizo, wakajikuta sura ya 10 wakiulizwa swali.

Nikimfikiria yaya anayeandika usiku kwa siri huwaza pia mabinti wa Kenya, Uganda na Tanzania walioko Ghuba, wale ambao Nairobi wanaitwa makadama. Sisemi hali ni ileile. Hakuna anayezaliwa kadama, na mtoto hafuati hali hiyo. Lakini chini ya mfumo wa kafala kibali cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri, pasi mara nyingi iko kabatini kwake, na mtu akiondoka bila ruhusa anatangazwa ametoroka. Tunazipokea video zao kwenye simu: uso karibu mno na kamera, vigae vya bafu nyuma, maji yamefunguliwa ili sauti isisikike nje. Wanataja tarehe, mji, wamelala wapi, wamekula nini. Tunazitazama kama vilio tu na kuzisambaza, wakati mwingine tukiwa na jina na uso, bila kuuliza mpangilio wake: kwa nini ameanza na tarehe, kwa nini jina la mwajiri hakulitaja, anaongea na nani kati yetu na ubalozi na mama yake. Yule wa maji ya bafu ameshafikiria msikilizaji kuliko sisi tulivyofikiria msemaji.

Katika siku za mwisho kabla ya kupanda meli mwaka 1842, Linda anashuka kumuaga mwanawe Benny. Anadhani anamfunulia siri. Mtoto anamwambia alikuwa anajua, au alikuwa akishuku, tangu zamani. Siku moja alikuwa chini ya ukuta ule akasikia kikohozi juu, na kitu kikamwambia ni mama. Hakuuliza. Hakumwambia bibi. Tangu siku hiyo watoto wenzake walipokuja kucheza upande ule wa nyumba, aliwabembeleza wahamie upande wa pili.